Kitabu cha Kielektroniki: Kipimo ni Msomaji

Msikilizaji, kitabu cha kielektroniki hakiwi bora kwa sababu tu kinafunguka kwenye simu. Kipimo cha kwanza ni maandishi yenyewe. Baadhi ya faili za PDF ni picha tu za kurasa zilizoskaniwa: huwezi kutafuta neno ndani yake, na programu ya kusoma kwa sauti anayoitegemea msomaji asiyeona haipati cha kusoma. Hata PDF yenye maandishi halisi hushikilia ukubwa wa ukurasa, hivyo kwenye skrini ndogo utausukuma mstari kushoto na kulia. Muundo wa EPUB, uliotolewa mwaka 2007, huipanga upya mistari kulingana na skrini, hata ukikuza herufi.

Wapo watakaosema PDF hutunza namba za kurasa, majedwali na michoro. Ni kweli, na kwa kuchapisha inafaa sana. Lakini EPUB nayo inaweza kubeba namba za kurasa za toleo la karatasi, mhariri akiziweka. Basi kabla ya kulipia, omba sura ya majaribio: kuza herufi, tafuta neno, gusa orodha ya yaliyomo, sikiliza ikisomwa. Kitabu kikishindwa hayo, usikinunue.