Kabla ya Kutoa Arubuni: Jinsi ya Kuchagua Kampuni ya Kubadilisha Madirisha



Katika nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi na Kwale, madirisha ya chuma huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuzeeka. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi hukaa kwenye fremu, na kutu huanza kula pembeni na kwenye bawaba. Puti hukauka na kubanduka, kioo hulegea, na dirisha halifungiki tena. Mwenye nyumba akiamua kuweka ya alumini, kampuni na mafundi hujitokeza mara moja. Fedha zinazohusika huwa ni akiba ya muda mrefu au mkopo wa chama. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, inafaa kujua ni nani atakayepokea fedha hizo, na atapatikana wapi kazi ikiharibika.

Kuijua kampuni

Kampuni halali huwa na cheti cha usajili, PIN ya KRA na leseni ya biashara ya kaunti. Mteja ana haki ya kuomba kuona hati hizo, na usajili wa kampuni unaweza kuthibitishwa kupitia eCitizen. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) husajili wanakandarasi na pia huwapa vyeti mafundi stadi. Mteja aitembelee karakana yenyewe. Mtu asiye na karakana, mwenye nambari ya simu na picha za madirisha pekee, huenda ni dalali anayetafuta fundi baada ya kupokea arubuni.

Baada ya hapo, aombe kuonyeshwa nyumba mbili au tatu ambako kampuni ilifanya kazi mwaka mmoja uliopita au zaidi. Dirisha jipya halina kasoro machoni. Lililopitia masika ndilo linalosema ukweli, kwa kuwa pepo za kusi hupiga mvua moja kwa moja ukutani. Mwenye nyumba aulizwe: maji yaliingia? Dirisha bado linateleza vizuri? Fundi aliitwa akaja?

Vifaa na vipimo

Alumini haili kutu kama chuma, lakini skrubu za chuma cha kawaida zikitumiwa kwenye alumini karibu na bahari, huharibika na kuiharibu fremu inayozizunguka. Mteja adai skrubu za chuma kisichoshika kutu. Aulize pia unene wa alumini na wa kioo kwa milimita, na majibu yaandikwe.

Dirisha la kuteleza la vioo viwili huacha wazi nusu tu ya nafasi yake. Dirisha la kufunguka kwa bawaba huacha karibu nafasi yote. Katika joto la Januari na Februari, tofauti hiyo husikika usiku. Dirisha la kuteleza pia huhitaji matundu madogo kwenye reli ya chini ili maji ya mvua yatoke nje.

Kwa bafu, mlango wa kioo au dirisha lililo karibu na sakafu, kioo kilichoimarishwa kwa joto ni salama zaidi, kwani kikivunjika huwa vipande vidogo visivyo na makali mengi. Kioo hicho hakikatwi tena baada ya kuimarishwa, kwa hiyo kipimo kikikosewa, kimepotea. Fundi makini hupima upana mara tatu, juu, katikati na chini, na urefu vilevile, kisha hutumia kipimo kidogo zaidi. Anayetoa bei ya mwisho kwa simu kabla ya kufika na kupima hafai kuaminiwa.

Kulinganisha bei

Makadirio matatu yaliyoandikwa yanatosha, mradi yote yawe ya kazi ileile. Tuseme nyumba ina madirisha sita ya mita 1.5 kwa 1.2, yaani mita za mraba 10.8. Bei hizi ni za mfano wa hesabu tu. Kampuni ya kwanza inataka shilingi 8,000 kwa mita ya mraba, jumla 86,400. Ya pili inataka 9,500, jumla 102,600, pamoja na wavu wa mbu, kung'oa madirisha ya zamani na kurekebisha plasta. Kampuni ya kwanza ikiongeza shilingi 1,500 za wavu na 1,500 za kung'oa na plasta kwa kila dirisha, jumla yake hufika 104,400. Iliyoonekana rahisi imekuwa ghali.

Mkataba na malipo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba utaje idadi ya madirisha, vipimo, aina ya alumini na kioo, tarehe ya kumaliza, muda wa dhamana, na nani atakayeziba plasta na kupaka rangi. Malipo yagawanywe: arubuni ya vifaa, sehemu nyingine madirisha yakifika nyumbani, na kiasi cha kuridhisha kibaki hadi kila dirisha limwagiwe maji kwa nje na kukaguliwa ndani. Fedha zilipwe kwa Till, Paybill au akaunti yenye jina la kampuni, na risiti itolewe.

Usalama na vibali

Grili humzuia mwizi, lakini moto ukizuka humzuia pia mwenye nyumba. Kila chumba cha kulala kiwe na angalau grili moja inayofunguka kwa ndani, na ufunguo uwe mahali ambapo hata watoto wanapajua.

Anayetaka kupanua nafasi ya dirisha aulize kwanza idara ya mipango ya kaunti, kwani kukata ukuta au linta hugusa uimara wa nyumba. Mwenye nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa awasiliane na ofisi ya uhifadhi kabla ya kung'oa chochote. Mpangaji apate idhini ya maandishi ya mwenye nyumba.

Mambo yakiharibika

Mteja aandike malalamiko yake, aambatishe picha, na aipe kampuni muda maalumu wa kurekebisha. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili. Huko mkataba, risiti na ujumbe wa M-Pesa ndivyo vitakavyomsemea. Asiye navyo atabaki na neno lake dhidi ya neno la fundi.