Nani Anaitika? Lugha ya Kampeni za Mtandaoni na Pwani ya Mtwara



Nimeombwa nizungumzie lugha ya siasa katika zama za intaneti. Mada hiyo ni pana, nami nimechagua kuitazama kutoka pembe moja ya nchi: pwani ya kusini, kuanzia Mikindani na Mtwara Mjini hadi Msimbati na Kilambo, pale Mto Ruvuma unapokaribia kumwaga maji yake baharini na ng'ambo yake ni Msumbiji. Wataalamu wa mawasiliano huhesabu simu na wafuasi wa wagombea. Mimi ni mtu wa lugha, na swali langu ni dogo zaidi: mgombea akisema, nani anaitika?

Kampeni ya Kiswahili ni tanzu ya fasihi simulizi, ingawa vitabu vyetu vya shule havijaiorodhesha. Mgombea hupanda jukwaani, hutaja jina la chama chake kwa sauti, na uwanja humjibu. Kabla ya jibu hilo hotuba haijaanza. Watu waliokulia katika ngoma, ambamo kuna anayeongoza wimbo na kuna wanaopokea, hawahitaji kufundishwa utaratibu huo. Uwanja unaweza pia kunyamaza, na ukimya wake mgombea huusikia vizuri sana.

Nianze na kauli ambayo haikutungiwa kampeni yoyote. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Serikali ilipoamua kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliandamana tarehe 27 Desemba 2012. Na tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, ghasia zilizuka mjini. Vipeperushi na ujumbe mfupi wa simu vilikuwa vimekwisha kupita mkono kwa mkono, na kauli iliyovuma ilikuwa ya maneno mawili: gesi haitoki. Itazameni sarufi yake. Watu hawakusema "gesi isitoke", ambayo ni dhamira tegemezi, sauti ya mwenye kuomba au kukataza. Walisema "haitoki", kwa dhamira arifu, kana kwamba wanatoa habari za jinsi mambo yalivyo. Ombi hujibiwa kwa ndiyo au hapana. Taarifa ya namna ile haimwachii msikilizaji nafasi ya kukataa.

Bomba lilijengwa, likazinduliwa Oktoba 2015, mwezi uleule wa uchaguzi mkuu, na jimbo la Mtwara Mjini likaenda CUF. Sidai kwamba ujumbe wa simu ndio ulioleta matokeo hayo. Ninachodai ni kwamba vyama vilipofika na kampeni zao za mtandaoni viliwakuta watu waliokwisha kujua kuisambaza kauli yao wenyewe.

Mwaka 2015 ndio uliotupa kampeni ya kwanza ya urais iliyoendeshwa kwa nguvu katika mitandao ya kijamii, na kauli mbili zikashindana. Wafuasi wa Edward Lowassa waliimba kwa kupokezana: mmoja akiita "Lowassa!", wengine "Mabadiliko!", akiita "Mabadiliko!", wengine "Lowassa!". Uwanjani hakuna kauli iliyotimia kuliko hiyo, maana imeundwa kwa ajili ya koo mbili. Kwenye kioo cha simu, hata hivyo, hubaki maneno mawili yaliyosimama bila mwitiko. John Magufuli alikuja na "Hapa Kazi Tu", sentensi isiyo na kitenzi wala mtenda. Haitaji nani atafanya kazi, wala haimngoji yeyote aitike. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, iliingia nyuma ya alama ya reli kama mguu katika kiatu chake.

Mwitiko mtandaoni ukageuka kuwa wa matusi. Wafuasi wa upinzani waliitwa "nyumbu", wanyama wafuatao kundi bila kuuliza. Wao wakajibu kwa "buku saba", yaani shilingi 7,000, wakimaanisha kwamba anayeitetea CCM mtandaoni amelipwa kufanya hivyo. Tusi la pili linanivutia zaidi, kwa sababu haligusi hoja kabisa. Linauliza kama anayesema ni msemaji kweli. Uwanjani shaka hiyo ilikuwapo pia, lakini angalau jirani yako ulimwona uso.

Kisha uwanja wenyewe ukafungwa. Tangu mwaka 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama nje ya kipindi cha kampeni ilipigwa marufuku, na mtandao, uliokuwa nyongeza, ukawa mahali pekee palipobaki. Nao haukuwa wazi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikwisha kupita, na kanuni za mwaka 2018 zilidai leseni na ada kwa wachapishaji wa mtandaoni. Siku moja kabla ya kura ya tarehe 28 Oktoba 2020, Twitter na WhatsApp zilizuiwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura na ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Tuliangalie neno lenyewe: mtandao "huzimwa", kama taa au moto. Uwanja hauzimwi. Hufungwa au hutawanywa, na vitenzi hivyo kila kimoja humdai mtenda anayeonekana.

Msamiati wa miaka hii ni mali tupu kwa mwanaisimu. "Mama anaupiga mwingi", sifa aliyopewa Rais Samia Suluhu Hassan, ina kiambishi cha yambwa "u" na kivumishi "mwingi", lakini nomino inayotawala upatanisho huo, "mpira", haimo. Sarufi inamkumbuka marehemu. "Chawa", mdudu wa aibu, sasa ni jina ambalo wasifiaji hujiita wenyewe kwa fahari. CCM ilitangaza "Oktoba Tunatiki", na "kutia alama ya vema" ikasukumwa kando na kitenzi kifupi kinachotosha katika bango la simu. CHADEMA ilichangisha fedha mwaka 2025 kwa jina la "Tone Tone", uradidi wa kawaida kabisa wa Kiswahili, kabla ya kuzuiwa kushiriki uchaguzi.

Kauli hizi zote zimeshuka Mtwara zikiwa tayari zimepikwa kwingine. Maadili ya uchaguzi yametaka kampeni ziendeshwe kwa Kiswahili, na pale wananchi wasipokielewa awepo mkalimani. Bibi wa kijiji cha Wamakonde aliyesimama uwanjani alikuwa na mkalimani huyo. Bango la simu halina. Linalofika karibu naye ni ujumbe wa sauti, ambao hauhitaji kuandika wala kusoma na hupokea Kimakonde bila kinyongo. Humo kuna kuuliza na kujibu, ingawa jibu huchelewa. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wangefanya vyema kuziacha kwa muda kurasa za wagombea, wakakusanya, kwa ridhaa ya wenyewe, sauti hizo.

Wangekuta pia safari ya kinyume. "Kangomba", ununuzi wa korosho kichinichini nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, lilikuwa neno la wakulima wa kusini. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatumia wanajeshi kuzisomba, neno hilo lilisikika nchi nzima, likazaa na "wanakangomba". Hakuna chama kilicholitunga, na hakuna aliyelipwa buku saba kulieneza.