Hesabu Mti Uliopona: Maneno kwa Viongozi Wapya wa Vikundi vya Jamii

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti wakati wa kufunga mafunzo ya viongozi wa vikundi vya jamii

 

Kwanza nawapongeza. Mmeacha mashamba, vibanda na boda boda zenu mkaja kukaa darasani, na hakuna aliyewalazimisha. Leo mnarudi kwenye vikundi vyenu mkiwa na vyeti. Nimeombwa niseme machache kuhusu kazi inayowangoja, na sioni haja ya kutafuta mfano mbali wakati tunao wa nyumbani: Green Belt Movement, shirika lisilo la kiserikali lililoanzishwa na marehemu Profesa Wangari Maathai mwaka wa 1977. Wengi wetu tunalijua kwa miti. Leo naomba tulitazame kama shule ya viongozi.

Shirika hilo lilianza chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Akina mama wa mashambani walikuwa wameeleza shida zao: kuni ziko mbali, maji safi hayapatikani, lishe ni duni, mapato hakuna. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, miti 7 ilipandwa Kamukunji, Nairobi, kwa heshima ya mashujaa 7 wa jamii mbalimbali, Mekatilili wa Menza akiwa mmoja wao. Ilikuwa saba tu. Kwa hesabu ya shirika lenyewe, miti iliyopandwa tangu wakati huo imepita milioni 50.

Miti hiyo haikupandwa na profesa mmoja. Ilipandwa na vikundi vya akina mama, wengi wao wakiwa hawakufika mbali shuleni. Wataalamu wa misitu walipoitwa kuwafundisha, somo liligeuka kuwa gumu kuliko kazi yenyewe. Basi akina mama wakaambiwa watumie ujuzi wao wa ukulima, kwa kuwa mtu anayejua kuotesha maharagwe anaweza pia kuotesha mti. Wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakatumia vyombo walivyokuwa navyo, na aliyefaulu akamfundisha jirani. Hilo ndilo somo la kwanza. Kiongozi wa jamii huanzia kwenye kile ambacho watu wake tayari wanakijua.

Somo la pili liko kwenye malipo. Kikundi kilipewa kiasi kidogo sana, kama senti 4 za Marekani kwa kila mche. Lakini hakikulipwa kwa sababu kimepanda. Kililipwa kwa mche uliotoka kitaluni, ukapandwa, na ukaonekana ungali hai. Kwa hivyo ilibidi mtu arudi shambani, ahesabu, aandike na atoe ripoti. Anayeshika daftari la namna hiyo hujifunza mambo ambayo cheti hakiwezi kumpa: kusema hesabu mbele ya watu, kuvumilia kuulizwa, na kutamka kwamba hapa ilikauka kumi na mbili bila kuificha hata mmoja. Jirani akiona hivyo mara tatu, mara nne, humwamini. Uongozi huanzia hapo.

Sasa tujiangalie sisi. Tumezoea kuhesabu siku ya kupanda. Hema limewekwa, utepe umekatwa, watu wameimba. Kazi yangu mimi ni kupiga picha hizo na kuziandikia habari katika jarida hili. Picha ni ya kweli, lakini ni ya siku moja. Baada ya miezi sita, je, kioski cha maji bado kinatoa maji? Ufunguo wake uko kwa nani? Pesa za mitungi zinaandikwa wapi, na nani amezisoma? Zahanati iliyofunguliwa ina dawa na muuguzi, au ina rangi mpya tu? Majibu hayo hayako makao makuu ya kaunti. Yako kwenu, mnaopita hapo kila siku. Mkiyaandika kwenye daftari, na sisi tukiyasoma, ndipo tutajua mti upi umepona.

Somo la tatu ndilo gumu. Katika semina zake za elimu ya uraia, shirika hilo liliwaomba washiriki wataje shida zao zote. Orodha ilikuwa ndefu. Kisha wakaulizwa: zimetoka wapi? Wengi walijibu kwamba ni serikali. Profesa Maathai alikubali kwamba serikali ilikuwa na makosa mengi, na yeye aliisema hadharani. Lakini aliwauliza pia: udongo wa shamba lako unaobebwa na mvua, ni nani aliyekuzuia kuchimba matuta?

Alikuwa akitumia mfano wa msafiri aliyepanda basi lisilo lake. Kwa nini alilipanda? Pengine hakuuliza. Pengine alidanganywa na mtu, au aliogopa kuonekana mshamba. Vyovyote iwavyo, ukitambua kwamba basi si lako, unashuka ukatafute lako. Huendelei kukaa ukilaumu dereva.

Katika mabaraza yetu ya ushirikishaji wa umma, orodha pia huwa ndefu, na mara nyingi husemwa na watu wale wale watano. Ninyi mnaweza kuibadilisha. Kabla ya kikao cha wadi, keteni na kikundi chenu mgawe karatasi mara tatu. Upande mmoja muandike yale tunayoweza kuyafanya sisi wenyewe. Upande wa pili, yanayohusu kaunti. Upande wa tatu, yanayohusu serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi hizo. Zahanati na vituo vya afya, masoko, barabara za kaunti na elimu ya chekechea ni vya kaunti. Shule za msingi, polisi na barabara kuu ni vya serikali ya kitaifa. Ukileta kwetu ombi la darasa la shule ya msingi, tutakusikiliza kwa heshima, lakini utakuwa umepanda basi lisilo lako, na mwaka mzima utapita.

Lakini naomba mtu asinielewe vibaya. Upande huo wa kwanza wa karatasi usigeuzwe kuwa kisingizio cha ofisi kukwepa kazi yake. Akina mama wanaweza kuchimba matuta. Hawawezi kuajiri wauguzi.

Ndipo nafika kwenye jambo ambalo nataka maafisa wenzangu walioketi hapa mbele walisikie pia. Mafunzo yanayozaa viongozi wa kweli huzaa watu wanaouliza maswali. Mwaka wa 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Green Belt Movement ililipinga. Wangari Maathai alidhihakiwa bungeni, na shirika likaamriwa kuhama ofisi zake. Mpango wa jumba hilo uliachwa, na leo familia za Nairobi bado zinapumzika penye nyasi hizo. Mwaka wa 1999 alipigwa na kujeruhiwa akitetea msitu wa Karura usigawiwe watu binafsi. Msitu upo. Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Siku hizi sheria iko upande wa anayeuliza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka wananchi washirikishwe na wapewe elimu ya uraia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo katika ofisi ya umma. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika atasema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia na kumpa nakala. Ofisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Isipofanya hivyo, mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na ofisi yangu ni mojawapo ya ofisi mnazoweza kuziuliza.

Shikeni pia tarehe hizi, kwa sababu bajeti ina misimu yake kama mvua. Kufikia tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa katika bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari ni taarifa ya mkakati wa fedha, na kufikia 30 Aprili ni makadirio ya bajeti. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Anayeomba daraja mwezi wa Juni amefika shambani wakati wenzake wanavuna. Anzeni kuuliza mapema, mpango wa mwaka unapotayarishwa.

Namalizia kwa maombi matatu. La kwanza, kila kikundi kiwe na daftari moja la mradi mmoja wa umma ulio karibu nacho. Chagueni kioski, zahanati, soko au barabara, na mwandike hali yake kila mwezi. La pili, mkienda kikao cha wadi, kila mmoja aende na jirani ambaye hajawahi kusema, na ampe nafasi ya kusema kabla yake. La tatu, kabla mwaka haujaisha, kila mmoja wenu awe amefundisha watu wawili anayoyajua. Profesa Maathai aliaga dunia tarehe 25 Septemba 2011. Vitalu havikufungwa siku hiyo, kwa sababu ujuzi ulikuwa umeshagawanywa kwa wengi.

Sisi wa kaunti tutasifiwa kwa idadi ya vyeti tulivyotoa leo. Msikubali tuishie hapo. Mwakani tuiteni, mtuonyeshe daftari, tuhesabu pamoja kilichopona na kilichokauka.