Mwaka 1776 Ukisomwa Kutoka Kilwa



Mambo makuu ya mwaka 1776 mnayajua. Mwezi Machi Adam Smith alitoa kitabu chake kuhusu utajiri wa mataifa. Julai makoloni 13 ya Marekani yakajitangazia uhuru. Sitawachosha nayo. Kilichonisimamisha hapa ni kauli ambayo bado naisikia kwenye semina zetu: kwamba Kilwa ilikufa mwaka 1505 Francisco de Almeida alipoivamia, na mwambao wa kusini ukalala hadi zama za Seyyid Said.

Maiti haitii sahihi mkataba.

Mwaka huohuo wa 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa alipatana na Morice, Mfaransa aliyefanya biashara ya watumwa na Ile de France, yaani Mauritius ya leo. Mkataba wenyewe ni aya chache tu, nami nimeusoma mara nyingi hadi nyumbani nachekwa. Watumwa 1,000 kila mwaka. Piasta 20 kwa kila mtumwa, na piasta 2 juu yake ziwe zawadi ya sultani. Asinunue Mfaransa mwingine, Mholanzi wala Mreno kabla Morice hajatosheka. Muda: miaka 100. Tena Morice akabidhiwa ngome, aweke mizinga kadiri apendavyo, na atakayemshambulia mmoja wao atapigwa na wote wawili.

Wapo wanaozikubali tarehe hizi kisha wakasema sultani alirubuniwa. Na wapige hesabu. Idadi ikitimia, zawadi peke yake ni piasta 2,000 kwa mwaka. Na ile ngome? Kilwa ilikuwa imejinasua mikononi mwa Waomani miaka michache tu nyuma, na ilijua fika kwamba watarudi. Kweli, habari hizi tunazipata kwa Morice, naye alikuwa na sababu ya kutia chumvi, kwa kuwa alitaka serikali yake ianzishe makazi Kilwa. Basi tuyapunguze maneno yake, hata kwa nusu. Bado namwona sultani anayejua anachokitaka: mizinga ya kuwazuia Waomani. Kwamba haikumfaa, na Waomani wakaitwaa Kilwa katikati ya miaka ya 1780, hilo halimfanyi kuwa mjinga.

Ila werevu wake ulilipiwa na wengine. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kivinje, aliniuliza darasani: “Mwalimu, hao elfu wangetoka wapi?” Mkataba hausemi. Tunachokijua ni njia za bara kuelekea Ziwa Nyasa, ambazo Wayao walizitumia kuleta pembe za ndovu pwani, na ambazo sasa zilipitisha watu.

Philadelphia nako, Jefferson alikuwa ameandika katika rasimu ya tangazo la uhuru aya ya kumshutumu Mfalme George III kwa biashara ya watumwa. Bunge la makoloni liliifuta. Anayewafundisha vijana wetu kwamba 1776 ni mwaka wa uhuru amesoma waraka mmoja, tena uliokwisha kuhaririwa.

Nawaomba waandishi wa vitabu vya Historia vya sekondari wauchapishe mkataba wa Kilwa wote, pamoja na bei.