Habari Iliyokatwa Chanzo: Kunakiliwa kwa Kazi za Waandishi wa Masisi na Walikale

Mada kwa wahariri wa redio za jamii na tovuti za habari

Utangulizi

Ratiba ya warsha inaitaka mada ianze na maana ya maneno, na maana hizo kila aliyeketi humu anazijua, kwa hiyo tuzipitie upesi. Kunukuu ni kuchukua sehemu ya kazi ya mwenzako ukamtaja. Wizi wa maandishi ni kuichukua kazi hiyo, yote au sehemu, ukaiweka kama yako, hata kama umepindua sentensi mbili tatu. Nchini kwetu haki za mtunzi zinalindwa na ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na Kongo imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi. Mwaka 2011 iliundwa SOCODA kusimamia haki hizo. Tarehe 13 Machi 2023 zikatoka kwa pamoja sheria mpya ya uhuru wa vyombo vya habari na kanuni ya mambo ya kidijitali. Sheria, basi, hazikosekani.

Tatizo lenyewe

Miongozo mingi inayofundisha kupambana na wizi wa maandishi ya tovuti huhesabu hasara kwa matangazo ya biashara na kwa nafasi ya tovuti kwenye Google. Hesabu hiyo kwetu ni ndogo. Katika Masisi na Walikale, teritori zetu za Kivu Kaskazini, anayenakili habari bila kusema alikoitoa anaiondolea habari hiyo chanzo chake kabla ya kumwondolea mwenyewe fedha, na habari isiyo na chanzo katika eneo la vita haiwezi kupimwa wala kusahihishwa. Tazama safari ya habari yenyewe. Mwandishi aliyeko Pinga au Nyabiondo anatuma odio ya dakika mbili kwa WhatsApp, kwa Kiswahili, pengine na maneno ya Kihunde au Kinyanga ndani yake. Redio inaitangaza. Mtu aliyeko Goma anaisikiliza, anaiandika kwa Kifaransa na kuiweka kwenye tovuti yake bila kutaja redio. Tovuti ya pili inanakili ya kwanza, ya tatu inanakili ya pili. Mhariri wa Kinshasa anayetafuta uthibitisho anakuta tovuti tatu zinasema jambo moja, anahesabu mashahidi watatu na kuichapisha bila wasiwasi, kumbe mdomo uliosema ni mmoja. Na kama yule wa Pinga alikosea jina la kijiji, kosa lake sasa lina mashahidi watatu.

Zana zinazouzwa kwa kazi hii hazitusaidii sana. Programu kama Copyscape hulinganisha maandishi na maandishi. Kazi ya asili ikiwa ni sauti iliyopita hewani, programu haina cha kulinganisha nacho, na mitambo ya kutafutia kwenye intaneti humwona wa kwanza kuandika kuwa ndiye mwenye habari. Kwa namna hiyo redio iliyolipa pikipiki ya mwandishi inaonekana kuwa mnakili wa tovuti ambayo haijawahi kumtuma mtu nje ya mji. Atakayejitetea kwamba yeye alitafsiri mwenyewe, na tafsiri ni jasho lake, ajibiwe kwa kifungu cha 8 cha Mkataba wa Berne: haki ya kuruhusu tafsiri ni ya mtunzi.

Uzito wa chanzo unaonekana vizuri katika mkasa wa Luvungi, teritori ya Walikale. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, vikundi vyenye silaha vilibaka watu kwa wingi katika vijiji 13 vilivyo kwenye barabara ya Kibua–Mpofi. Taarifa ya awali ya Umoja wa Mataifa, Septemba 2010, ilitaja wahanga wasiopungua 303. Taarifa ya mwisho, Julai 2011, ilitaja wasiopungua 387. Msomaji anayezikuta namba hizo pamoja na tarehe na jina la aliyezitoa anaona uchunguzi uliosonga mbele. Anayezikuta zimekatwa tarehe na jina anaona watu wawili wanaobishana, na hapo anayetaka kukana kwamba lolote lilitokea anapata mlango wa kuingilia. Mnakili hakubadilisha hata tarakimu moja, lakini amezifanya namba zote mbili zitiliwe shaka. Kuna hatari nyingine pia: redio ikigundua kwamba maelezo fulani yanamtambulisha mhanga, itayafuta kwenye ukurasa wake, lakini nakala ambazo haijui ziko wapi zitabaki.

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaosema habari ni ya wote, na mtu hawezi kumiliki shambulio la usiku. Ni kweli, na mkataba wenyewe unakubali: kifungu cha 2, aya ya 8, kinaziondoa habari za siku zilizo taarifa tupu katika ulinzi. Tukio la waasi wa M23 kuingia Walikale-centre Machi 2025 hakuna anayelimiliki. Lakini maneno aliyoyapanga mwandishi kulieleza tukio hilo, mahojiano aliyofanya, picha aliyopiga, hizo ni kazi zake. Tena hata pale nchi inaporuhusu chombo kimoja kuchapisha makala ya kingine kuhusu mambo ya siku, kifungu cha 10 bis kinasema chanzo lazima kitajwe waziwazi. Ruhusa ya kunakili haijawahi kuwa ruhusa ya kuficha.

Wengine wanasema redio ndogo ishukuru, kwa kuwa bila tovuti za Goma sauti ya kijiji kama Kashebere isingefika popote. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana, maana kusambaa kwa habari kumewahi kuita msaada. Ila kinachosambaza habari ni kuichapisha, siyo kuifutia jina; tovuti ingeweza kuandika jina la redio katika mstari wa kwanza na habari ingefika palepale. Hoja ya tatu inatuumiza zaidi: redio zetu nazo husoma hewani makala za tovuti na taarifa za Radio Okapi bila kutaja. Hilo halina utetezi. Ndiyo sababu mapendekezo yanaanza na studio zetu kabla ya kwenda kwa majirani.

Mwandishi asiyeweza kuweka jina lake

Hapa ndipo mambo yanapokwama kila mwaka, na semina nyingi hupita pembeni kwa sababu jambo hili halipendezi kwenye ripoti. Ili udai kazi ni yako lazima useme wewe ni nani, na huku kwetu kusema wewe ni nani kunaweza kukugharimu maisha. Serge Maheshe na Didace Namujimbo, wote wa Radio Okapi, waliuawa Bukavu, mmoja Juni 2007 na mwingine Novemba 2008, katika mji wenye taa, polisi na askari wa Umoja wa Mataifa. Mwandishi anayeripoti machimbo ya Rubaya, au barabara ambayo kila kizuizi kina bwana wake, hana hata hivyo vichache. Anaomba jina lisitajwe, na ana haki. Mnakili anaijua haki hiyo na kuitumia: habari haina jina, basi haina mwenyewe. Akiulizwa, anajibu kwamba ameliacha jina kwa usalama wa mwandishi. Ni jibu la ujanja, kwa sababu kumficha mtu hakuhitaji kuificha redio.

Njia ya kwenda kwa kampuni inayohifadhi tovuti ina mtego huohuo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki mtandaoni inaruhusu mwenye kazi kuitaka kampuni iondoe nakala, na kwa kuwa kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zinafuata sheria hiyo, njia hii huzaa matunda hata pale ambapo mahakama haifikiki. Lakini lalamiko linataka saini na anwani ya mlalamikaji, na linaweza kumfikia anayelalamikiwa, pengine hata kuwekwa hadharani. Mwandishi aliyejificha mwaka mzima anajikuta amejianika kwa barua moja aliyoiandika mwenyewe.

Jibu lipo, na inashangaza kwamba halitajwi. Kifungu cha 15, aya ya 3, cha Berne kinasema kazi isiyo na jina la mtunzi inawakilishwa na mchapishaji ambaye jina lake liko juu ya kazi hiyo, na yeye ndiye anayeruhusiwa kulinda na kudai haki za mtunzi. Sheria ya Marekani nayo inakubali saini ya aliyepewa mamlaka na mwenye kazi. Kwa hiyo redio inaweza kudai bila kumtaja mtu wake. Sharti ni moja: jina la redio liwe juu ya kazi tangu mwanzo, na hapo ndipo tunapoanguka, kwa kuwa odio zetu hutoka bila jina la kituo, bila tarehe na bila mahali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mapendekezo

Kila odio inayotoka redioni ianze kwa kutaja kituo, tarehe na mahali, kwa sauti, ndani ya sekunde kumi za mwanzo, ili anayeikata aonekane ameikata. Kila habari iandikwe katika daftari la chumba cha habari pamoja na saa iliyotangazwa, na jina halisi la mwandishi likae kwenye karatasi nyingine inayotunzwa na mkurugenzi peke yake, mbali na kituo inapobidi. Redio yenye hata ukurasa mdogo iweke muhtasari wa habari siku ileile, kisha iuhifadhi kwenye Wayback Machine. Huduma hiyo ni ya bure na inaacha tarehe ambayo mtu wa nje anaweza kuithibitisha. Picha zibaki na faili la asili, zisitegemee nakala ya WhatsApp, kwa kuwa inapunguza ukubwa na kufuta maelezo ya kamera.

Wahariri wa tovuti wataje redio katika aya ya kwanza, hata wanapotafsiri, na wasihesabu tovuti mbili kuwa vyanzo viwili mpaka wajue kila moja ilitoa wapi. Kukiwa na namba ya waliokufa au waliobakwa, tarehe na jina la aliyeitoa visiachwe kwa hali yoyote. Redio zetu nazo zitaje vyanzo vyao, kama ilivyoelezwa. Haifai kudai tusichotoa.

Malalamiko yatiwe saini na redio au na chama cha waandishi, kamwe yasitiwe na mwandishi wa kijijini. Barua ya kwanza iende kwa mhariri wa tovuti husika, kwa heshima, ikitaka jina la redio liongezwe. Wengi huongeza wakiombwa. Akikataa, iende kwa kampuni inayohifadhi tovuti yake. SOCODA na CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, zijulishwe kwa maandishi kila mara, ingawa kwa sasa Kivu Kaskazini haiko katika hali ya kungoja uamuzi wa haraka kutoka Kinshasa. Mahakama iachwe mwisho. Kesi inafichua jina la mwandishi kuliko barua yoyote, na tangu Goma itekwe Januari 2025 hata kujua pa kuifungulia kunahitaji ushauri wa wakili. Wafadhili wanaolipia mafunzo ya aina hii waingize katika bajeti zao diski ya nje ya kuhifadhia sauti kwa kila kituo, kabla ya kulipia semina nyingine juu ya maana ya wizi wa maandishi.