Asilimia ya Nini?
(Maneno tuliyosema katika mkutano wa vikundi)

Leo tuongee juu ya hesabu ya asilimia. Watoto wetu wa sekondari msingi huileta nyumbani jioni, na hapo wengi wetu hukumbuka ghafla kwamba ng'ombe hajakamuliwa.

Asilimia ni ngapi katika kila mia, basi. Mtoto aandike uwiano: upande mmoja sehemu juu na jumla chini, upande wa pili asilimia juu na 100 chini. Namba isiyojulikana aiite x.

Kikundi kina wanachama 40, na 26 wamelipa mchango. Ataandika 26/40 = x/100. Azidishe kwa mshazari, ya juu huku na ya chini kule: 26 mara 100 ni 2,600. Agawe kwa 40, apate 65. Wamelipa asilimia 65. Na swali likigeuzwa? Waliolipa ni 26, nao ni asilimia 65. Kikundi kina wangapi? Mpango ni ule ule, ila x sasa inakaa chini ya 26. Hakuna kanuni tatu za kukariri.

Kuzidisha si shida. Shida ni kujua jumla ni ipi, na hapo hata sisi watu wazima huliwa pesa. Mama anaomba mkopo wa shilingi 5,000 wa mwezi mmoja. Anaambiwa riba ni asilimia 10, lakini inakatwa mapema. Anaondoka na 4,500, na mwezi ukiisha anarudisha 5,000. Riba ni 500. Ukiweka 5,000 chini, kweli ni asilimia 10. Lakini huyu mama hakushika 5,000 hata siku moja! Andika 500/4,500 = x/100. Jibu linapita asilimia 11, tena kwa mwezi, si kwa mwaka.

Watoto wengi wataweka 5,000 chini. Msiwacheke wala msiwape jibu haraka. Waulizeni tu, "Mkononi alipata ngapi?" kisha nyamazeni wafikiri.

Mkutano ujao, mweka hazina anakili mikopo mitano kutoka kwa daftari, bila majina jamani, ampe mtoto mmoja wa Gredi ya 8 atafute riba ya kila mmoja mbele yetu sote. Akikwama, tutaikokotoa pamoja naye.