Pora au Mtetea: Namna ya Kuwatambua Kuku Wachanga kabla ya Kuuza au Kuchinja



Familia inayoanza ufugaji nyuma ya nyumba hununua vifaranga kumi kwa matumaini ya mayai, na baada ya miezi michache nusu ya kundi huanza kuwika. Wengi hudhani wamedanganywa na muuzaji. Huenda hawakudanganywa: vifaranga wa kienyeji huuzwa bila kuchambuliwa, na madume na majike huanguliwa kwa idadi inayokaribiana. Uwezekano wa vifaranga kumi waliochotwa tu tengani kuwa majike wote ni mara 1 katika 1,024. Muuzaji anayeahidi majike kumi wa kienyeji wa umri wa siku moja anaahidi jambo asilolijua.

Zipo imani za kale kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo hutoa mtetea. Imani hiyo haina msingi. Kwa ndege, kinyume na binadamu, jinsia ya mtoto huamuliwa upande wa mama, nayo huwa imekwisha kuamuliwa kabla gamba la yai halijafanyika. Wataalamu wa Japani walibuni, katika miaka ya 1920, njia ya kutambua jinsia kwa kutazama tundu la haja la kifaranga wa siku moja, lakini kazi hiyo huhitaji mafunzo marefu. Asiyefunzwa humminya kifaranga na kumjeruhi, na jawabu asilipate. Kuhusu kulinganisha urefu wa manyoya ya mabawa, njia hiyo hufaa kwa vifaranga waliozalishwa kwa makusudi kutoka kwa wazazi maalumu. Kwa kuku wa kienyeji haina maana.

Ulaghai wa kweli upo kwingine. Katika kuku wengi wa kisasa wanaotaga mayai ya kahawia, jinsia huonekana kwa rangi siku ya kwanza: majike huwa na rangi ya hudhurungi, na madume huwa na manjano hafifu. Kiwanda huwatenga majike kwa ajili ya wafugaji wa mayai. Basi mkazi akipitishiwa mlangoni vifaranga wa manjano kwa bei ya chini mno, akaambiwa ni wa aina hiyo ya mayai ya kahawia, ajue kwamba yawezekana anauziwa madume yaliyokataliwa. Wapo pia kuku wa mayai meupe ambao vifaranga wao wote ni wa manjano. Kwa hiyo ni vema kuuliza aina yao na kudai risiti inayotaja mahali walikoanguliwa.

Kwa kuku wa kienyeji, subira haina mbadala. Katika juma la nne hadi la nane, upanga wa pora aghalabu hupanuka na kuanza kuwa mwekundu, ndevu zake huchomoza, na miguu yake huwa minene kuliko ya dada zake. Ulinganisho huu uwe baina ya vifaranga wa umri mmoja na mama mmoja. Kulinganisha pora mdogo wa tembe huyu na mtetea mkubwa wa tembe yule huzaa makosa mengi.

Hata hivyo, upanga ni shahidi asiyeaminika katika kanda hii, kwa sababu ya Kuchi. Kuku hawa warefu, wanaofahamika sana Mwanza na Shinyanga, huwa na upanga mdogo uliolala, usio na meno. Pora wa Kuchi anaweza kukaa muda mrefu akiwa na upanga kama wa mtetea. Tena mtetea wa Kuchi husimama wima, kifua mbele, hata mgeni akaapa kwamba ni jogoo.

Alama inayotegemewa zaidi iko kiunoni. Kuanzia juma la kumi hadi la kumi na nne hivi, pora huota manyoya membamba, yaliyochongoka na yenye kung'aa, yakianguka pande mbili mbele ya mkia. Manyoya ya mtetea mahali hapo huwa mapana yenye ncha ya mviringo. Shingoni huonekana tofauti hiyohiyo, ila kwa kuku wa kishingo, ambaye hana manyoya shingoni, mfugaji atazame kiuno pekee. Kuku kidimu, mwenye manyoya yaliyopinda, humtaka mtazamaji anyooshe unyoya kwa vidole kabla ya kuamua. Kuwika kukianza, shaka huisha. Lakini wapo mapora wanyonge wanaonyamaza kwa kumwogopa jogoo mkubwa, na ukimya wao usihesabiwe kuwa ni ujike.

Kosa lenye hasara kubwa kuliko yote hufanyika mwishoni. Mtetea anapokaribia kutaga, upanga na uso wake huwa vyekundu. Mwenye nyumba aliyeambiwa kwamba wekundu ni dalili ya jogoo humkamata na kumtia chunguni, majuma machache tu kabla ya yai la kwanza, baada ya kumlisha pumba na dagaa wa mwaloni kwa miezi mitano au sita. Kabla ya kisu, mkono upeleke vidole chini ya mkia, penye ncha mbili za mifupa ya nyonga. Kwa mtetea aliye karibu kutaga, vidole viwili hupita katikati. Kwa pora, mifupa hiyo hubana.

Ni vema pia ikaeleweka kwamba kuku hutaga bila jogoo. Mayai hayo hayaanguliwi, lakini huliwa na kuuzwa kama mengine. Anayetaka vifaranga, jogoo mmoja hutosha mitetea kumi hivi. Mapora wanaozidi hula chakula, hupigana, na huwachubua mitetea migongo. Wauzwe au waliwe mapema. Wasilishwe chakula cha kuku wanaotaga, kwa maana chokaa iliyomo ni nyingi mno kwa kuku asiyetaga, na huweza kumdhuru figo.

Jogoo wa mbegu asiwe ndugu wa mitetea. Abadilishwe na wa kaya ya mbali, na akiletwa atengwe kwa majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine, kwa kuwa kideri mara nyingi huingia bomani pamoja na kuku mgeni.

Siku ya chanjo ndiyo nafasi nzuri ya ukaguzi. Chanjo ya kideri ya kudondosha jichoni hutolewa kila baada ya miezi mitatu, kwa madume na majike sawasawa, na siku hiyo kila kuku hukamatwa mkononi. Mfugaji amgeuze, atazame kiuno, kisha afunge uzi mguuni: rangi moja kwa pora, nyingine kwa mtetea. Uzi ulegezwe kadiri mguu unavyonenepa. Mwenye shaka amwonyeshe kuku huyo afisa ugani wa mifugo wa kata papo hapo, kabla hajamwachia.